Muulize Anayeuona Uso Wangu

Dada Saumu,

Salamu kutoka Gesima. Baridi ya huku inaingia hadi mifupani, na hiyo sweta yako unayoitafuta ninayo mimi.

Ila nakuandikia kwa jambo jingine. Chuoni tulifunzwa kumhoji mtu peke yake, mlango umefungwa, maana moyo wake anaujua yeye tu. Basi leo nikamwingiza chumbani Mama Kerubo, mkulima wa chai, nimhoji kwa utafiti wangu wa huzuni, nikafunga mlango. Hata swali la kwanza sijamaliza, nikasikia vilio uani! Majirani walikuwa wametupa vikapu vya chai wakaja mbio: kwao, anayeitwa kando na mgeni ni mtu aliyefiwa.

Nikafungua, wakajaa ndani; nikawaambia hakuna aliyekufa. Nikauliza, "Mama, wiki mbili hizi umekuwa na huzuni?"

Akamgeukia mke wa shemeji yake, anayechuma naye chai kila siku. "Mimi nitajuaje? Uliza huyu, ndiye anaona uso yangu."

Yule hakusita. "Ako na huzuni. Aliacha kuimba shambani."

Mama Kerubo akashika shavu, akaangua kilio. Kumbe hakuwa akijua!

Miaka minne ya saikolojia, Saumu, na hilo sikuwahi kulisoma popote.

Kisha akapangusa macho, akaniuliza, "Na wewe, nani anaangalia uso yako?" Nikakutaja wewe.

Nibusie watoto. Halafu uniandikie, dada yangu, usinifiche: tangu tumzike Baba, mimi nikoje?

Mdogo wako,
Mwanaidi