Mdogo Wangu Alitangaza Juisi, Mama Akaacha Vidonge

Mpendwa mshauri, naomba msaada nikiwa nimeshikwa pabaya, maana anayenitia hofu ni mdogo wangu wa damu, na nampenda. Mimi ni mfamasia, yeye ni mtangazaji, na hivi karibuni alipewa kipindi cha afya cha asubuhi, nyumba nzima tukashangilia, mama akanunua redio ya kuweka jikoni, basi wiki ile ile mdogo wangu akatangaza kwa sauti yake tamu kwamba utafiti umethibitisha juisi ya majani mabichi inashusha presha, na mama, ambaye ana presha ya siku nyingi, akavifungia vidonge vyake kabatini akaanza kusaga majani, na Jumapili nikamkuta kakaa sakafuni, kashika kichwa, ananiambia eti ni kizunguzungu tu. Nikautafuta utafiti wenyewe, nikausoma wote, nikaenda kumweleza mama kwamba sampuli ni ndogo na hapakuwa na kundi la kulinganishia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mdogo wako akiongea naelewa, wewe ukiongea nasinzia." Nilipomkabili mdogo wangu akanijibu, "Dada, utafiti ni utafiti, sikuutunga mimi. Au inakuuma watu wakinisikiliza?" Neno hilo lilinichoma, kwa sababu sina hakika kama ni uongo. Sasa nataka nipige simu kipindi kikiwa hewani nimuumbue, lakini kazi hiyo ameihangaikia sana. Nifanyeje?

Dada Mtu

Dada mtu, pole sana. Barua yako haikuwa ya kusubiri zamu, ndiyo maana nilikupigia simu papo hapo: mpeleke mama akapimwe, mengine baadaye. Nimefurahi kusikia kwamba daktari amemrudisha kwenye vidonge na hali yake imetulia.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulikuwa sahihi, lakini ulimpa mama maneno ya darasani. Kwenye simu nilikuuliza: hao waliokunywa juisi, waliacha dawa? Ukapekua kurasa, ukasema, "Hapana, wote waliendelea kumeza." Jamani! Si ungeanza na hilo? "Mama, wale watu walikunywa juisi na vidonge pamoja, kwa hiyo hakuna anayejua ni kipi kilichowashushia presha." Hapo hakuna wa kusinzia.

Simu ya hewani, achana nayo kabisa. Wasikilizaji watakumbuka ugomvi wenu, dawa wataisahau. Na huo wivu, hata kama upo, haubadilishi vipimo vya mama. Usiuruhusu ukufunge mdomo. Mwite mdogo wako nyumbani, msome ule utafiti pamoja, ukurasa kwa ukurasa, umwache aulize mwenyewe: walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, walikuwa wanatumia nini kingine? Ni kweli hakuutunga, ila nahisi aliishia kwenye kichwa cha habari. Usimcheke. Kisha arudi kwenye kipindi chake na kusema wazi, "Nilikosea, msiache dawa bila kuongea na daktari." Msaidie kuyaandika hayo maneno, wewe unayajua mambo, yeye anajua kuyasema.

Akikataa, nenda kwa mkuu wake wa vipindi, wala usijione msaliti. Waliomsikia asubuhi ile ni wengi, na wapo wanaoishi peke yao. Kamwone mdogo wako leo.