Kwanza Mtoke Darasani

Jumanne, 5 Mei. Highview

Bibi yangu wa kazini, mzee ninayemtunza, nimemwogesha, nimemlisha, nimemwacha na televisheni yake. Mgongo unalalamika. Zawadi kapiga simu nikiwa kwenye gari. Siku hizi mdogo wangu huyu anapiga kelele hata akisalimia tu. Ni kwa sababu ya turubai. Wakati wa vita wanajeshi wa serikali waliingia kulala katika shule anayofundisha, wakasahau kuondoka. Vita vimekwisha, wao bado wamo madarasani na masufuria yao. Zawadi anafundisha nje, chini ya turubai, na mvua ikinyesha lazima ashindane nayo kwa koo. Nikamwambia ataniua masikio. Tukacheka. Nilipokata simu nililia kidogo, kisha nikaenda kwa mteja wa pili.

Jumamosi ujumbe wa serikali ya kwetu unafika hapa Louisville. Wanaomba Marekani iwasaidie kwa miaka mingi: wakufunzi wa jeshi, barabara, hospitali, umeme. Wanataka sisi tulio huku tusimame nao, tuwaambie wabunge wa hapa kwamba hawa ni watu wa kuaminika. Anakuja Mheshimiwa mmoja kutoka wizarani, na Koloneli anayeongoza wanajeshi wa upande wetu. Yaani wale wanaolala shuleni ni wake. Nitamuuliza.

Jumamosi, 9 Mei

Sikumuuliza. Mheshimiwa alihutubia mpaka wali ukapoa. Usalama wa kudumu, maendeleo ya kudumu, kila kitu cha kudumu. Nilinyoosha mkono mpaka bega likauma. Mwisho akasema ushirikiano wa muda mrefu na Marekani ni ndoa, na sisi wa huku ndio familia ya kuibariki. Makofi. Picha. Wakaondoka.

Nina hasira. Baba Neema ananiambia nitulie. Sitaki kutulia.

Nilikuwa naosha sufuria ndipo neno lile likanirudia. Ndoa. Sawa, basi waje kuposa kama watu wengine. Nikaacha sufuria na povu lake, nikampigia Mama Esperance wa Whitehall, kule Columbus. Kesho ni zamu yake kuwapokea wageni hao hao. Alicheka mpaka akakohoa. Amekubali tuwafungie mlango kwanza.

Jumapili, 10 Mei. Whitehall

Tumetoka ibadani mapema, tukaendesha mpaka Columbus. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu mwenyewe.

Walipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Sisi kina mama ndani, vitenge vimekazwa. Mimi mshika mlango, kazi ninayoifanya katika kila posa ya watu wetu. Mheshimiwa akabisha hodi. Hatukufungua. Akabisha tena. Mama Esperance akafungua kidogo, Mheshimiwa akapita moja kwa moja, akaketi. Kosa kubwa. Nani kamwambia aketi? Tukamtoa nje, yeye na tai yake, na faini ya kreti mbili za soda.

Aliyeelewa wa kwanza ni Koloneli. Kumbe kwao yeye ndiye msemaji wa posa. Nilisikia anavyocheka nje. Akavua kofia, akasogea mlangoni.

"Bon, mama, tunakuya kwa amani. Donc, tuliona maua muzuri mu lupango yenu."

"Maua iko," nikamjibu, kama mwenye boma na binti wa kuposwa. "Lakini kwanza mutoke mu masomo ya batoto betu."

Nikamtajia shule, kijiji, mwalimu. Kicheko kikamfutika usoni. Akaahidi kushughulikia. Nikamwambia ahadi haipokelewi mlangoni. Anayetaka jibu alete kitu mkononi. Jibu letu watalipata Jumamosi huko Buffalo, kituo chao kinachofuata. Kisha tukawafungulia, wakala sombe, kisamvu chetu, wakashiba.

Binti yangu Neema aliendesha wakati wa kurudi. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nimemfungia mlango mtu mwenye jeshi zima. Nikamwambia ndiyo, na nitamfungia tena.

Jumatano, 13 Mei

Hakuna kitu. Zawadi anasema wanajeshi wanaota jua, wamefua soksi, wameanika dirishani.

Watu wameanza kusema. Mwenyekiti wa chama chetu amenipigia: namwaibisha Mheshimiwa, barabara na hospitali vitapotea kwa ajili ya shule moja. Huenda kweli. Naitaka ile hospitali. Mama yetu alifariki njiani, kwenye machela, kwa kukosa hospitali na barabara yake. Lakini watu wasioweza hata kutoka darasani, niwasimamie kwa miaka mingi kwa uso gani?

Naogopa. Chai imenishinda.

Ijumaa, 15 Mei

Njiani kwenda Buffalo. Zawadi hapokei simu.

Jumamosi, 16 Mei. Buffalo

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi, ukumbi wa kanisa. Mlango umefungwa, kina mama wamejipanga. Mwenyekiti ameninunia. Nje upepo wa ziwa, mwezi wa tano na bado baridi. Wakabisha. Nikauliza wameleta nini. Mheshimiwa akakohoa tu. Nikajua nimeshindwa.

Kisha mkono wa Koloneli ukapita penye upenyo wa mlango, na simu. Video. Wanajeshi wanatoka darasani na magodoro kichwani, na masufuria, na kuku wawili. Mbele yao Zawadi, mikono kiunoni, anaonyesha pa kuweka madawati.

Sikuamini video. Nikampigia. Safari hii akapokea, na kelele zake ukumbi wote ulizisikia.

"Dada, niache kwanza. Banafagia."

Amewafagilisha. Jeshi la serikali. Vigelegele vikapasuka, Mama Esperance akaniinua na uzito wangu wote. Mlango tuliufungua wazi wazi. Nilicheza mbele ya Mheshimiwa mpaka naye akacheza, vibaya sana.

Kisha nikatoa jibu: tutasimama nao. Sharti moja. Katika yale wanayoomba, nyumba za wanajeshi zitangulie, maana mvua ikija watatafuta paa tena. Mheshimiwa akatoa kalamu, akaandika mwenyewe. Koloneli akaniambia nyumba hizo ameziomba kabla sijaolewa. Nikamwonea huruma kidogo.

Jumanne, 19 Mei. Highview

Mvua ndogo. Bibi yangu bado amelala.

Ujumbe umekwenda Washington. Kama watapewa, sijui. Kama wanajeshi watarudi, sijui hilo pia. Leo hawamo.

Zawadi ameniachia ujumbe wa sauti kutoka darasani. Mwanzoni anafundisha kwa kelele zake zile zile, na watoto wanamcheka. Mtoto mmoja anamwambia, mwalimu, tunakusikia.

Akacheka naye. Kisha akaanza tena, kwa sauti ya chini. Ilibidi niisogeze simu sikioni.