Jiwe la Kupimia Maji ya Chini

Fundi wangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Bwawa la kuogelea tulilojenga kwa tajiri wa sangara, pale karibu na ziwa, limepasuka. Nimelipasua mimi. Unayelaumiwa ni wewe.

Unakumbuka lile bomba ulilosimika ardhini kando ya bwawa? Kabla ya kutoa maji uliteremsha humo jiwe lenye kamba, ukatazama kamba imelowa mpaka wapi. "Maji ya ziwa yanatembea chini kwa chini," ulisema. "Yakiwa juu, usikaushe bwawa. Litanyanyuka kama sufuria tupu majini." Nilicheka. Zege nene vile linyanyuke! Ukanitazama tu, ukaendelea kukunja kamba.

Mwezi uliopita, mvua hata hazijaisha, tajiri alitaka bwawa lisuguliwe kwa sherehe ya kipaimara cha bintiye. Maji yalikuwa kijani kama mlenda. Nikaleta pampu, nikayatoa yote. Jiwe lako lilining'inia stoo, sikuligusa. Haraka, Fundi, na kiburi, nilijiona nimeshaiva. Jioni tukasikia mlio. Sakafu ikapasuka katikati, upande wa ziwani ukainuka kiganja kizima.

Tajiri akauliza, "Nani alimwaga zege hili?"

Nikasema, "Marehemu. Nadhani alibana saruji."

Nilisema hivyo. Mdomo huu huu uliokula ugali wako miaka sita.

Wakaamini upesi. Siku hizi kila kitu ruksa, saruji imejaa madukani, na wewe ulijifunza kazi enzi za kibali, mfuko mmoja ukisubiriwa miezi; wakasema mkono wako ulizoea kubana. Maneno yakafika Buzuruga, mtaani kwako. Mwanao Kulwa amenyimwa kazi ya kujenga msingi. Wamesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama Kulwa akanijia. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Kweli alikuwa anaiba?" Nikainama, nikasema sijui. Naona aibu hata kuandika.

Sasa nimepewa kazi ya kuibomoa sakafu hiyo. Leo ni siku ya tatu. Nyundo inaruka, viganja vimejaa malengelenge, zege lako haliachii. Kokoto zinakatika katikati kabla ya kubanduka kwenye saruji. Hapa hakuna aliyebana kitu.

Mchana tajiri alisimama juu yangu, akasema, "Mbona gumu hivi?" Nafasi ile hapo. Nikanyamaza tena.

Kesho sinyamazi. Jiwe nimeshalitoa stoo. Asubuhi nitawaleta Mama Kulwa na Kulwa bwawani, niliteremshe jiwe bombani mbele yao na mbele ya tajiri, kila mtu aone maji yalipo, na niseme ni nani hakulitumia siku ile. Kazi nitafukuzwa, najua. Naogopa zaidi macho ya mama.

Nikimaliza nitamkabidhi Kulwa kamba. Ni yake, na jina lako safi ni lake.

Pumzika, Fundi. Nisamehe ukiweza.

Mwanafunzi wako