Kuni za Bhoke

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo, halafu nikakaa kusubiri kama mjinga. Wewe kuitikia kwako hakukuishia kwenye marahaba. "Marahaba, umekula?" Hata nikiwa natoka kula kwako, tukikutana hapo mlangoni, "Umekula?" Tangu uondoke watu wananisalimia vizuri tu, wananipa pole, wananiuliza kama nalala. Hakuna anayeniuliza kama nimekula. Ndiyo maana nimekonda, usije ukasingizia kazi yangu ya kuponda mawe.

Habari za huku ni hizi. Mahindi yako ya nyuma ya nyumba yamekomaa na nyani hawajayagundua. Yule kuku wako mwekundu mwenye kiburi ameanza kutaga ndani ya kiatu chako cha mvua, nami nimemwachia. Rashi ya dhahabu nayo imezidi, watu wanamiminika. Ulipotuacha mashimo ya maduara ya wachimbaji yalikuwa ng'ambo ya mto, sasa wameshafika kwa Mzee Nyamhanga. Karasha linasaga mawe tangu asubuhi na vumbi lake linatua mpaka kwenye sufuria. Juzi vijana watatu walikuja kuukagua uwanja wa jiko lako, eti mwamba wenye dhahabu unapita hapo chini. Niliwatoa mbio na mwiko mkononi. Ungecheka sana, wewe uliyekuwa ukisema Gati wako hana sauti.

Lakini si hayo yaliyonikalisha niandike. Mama, Bhoke amemaliza dripu za dawa. Zote sita! Amerudi Alhamisi.

Nataka nianze mwanzo, hata kama unajua yote, kwa sababu kuna mahali nilikosea na sikuwahi kukuambia kwa mdomo wangu. Ulijua, najua ulijua. Lakini kujua kwako si sawa na kuambiwa na mimi.

Unakumbuka shavu lilipoanza kuvimba. Jirani yetu Robi alimvusha Bhoke wake hapa kwenye uzio wa minyaa, mtoto wa miaka sita anacheka upande mmoja, na mimi mwenyewe nikasema ni jino. Kila mtu alisema ni jino. Baba yake, Marwa, alipanda kutoka duarani na matope yake, akampeleka kwa yule mtu wa kung'oa meno aliyekuja na rashi. Likang'olewa jino zima lisilo na kosa. Wiki mbili baadaye shavu lilikuwa limelisukuma jicho. Wewe ndiye uliyesema, "Hili si jino, na mimi sisubiri lijitaje jina." Ukafunga nguo zako, ukaenda na Robi na mtoto Mugumu, na kutoka Mugumu mkaambiwa Mwanza. Mlikaa huko siku tano. Siku ya tatu Robi akapiga simu kwa shemeji yake, akilia, akasema madaktari wanasema ni saratani.

Basi. Neno hilo lilipofika huku, Mama, halikutembea, liliruka. Sisi saratani tuliijua kwa watu wawili tu, na wote wawili tuliwazika. Shemeji yake Robi alianza kulia uwanjani, majirani wakaja, na kama tulivyozoea kila mmoja akaja na kuni. Mzee Nyamhanga akaleta blanketi lake na kigoda. Moto wa msiba ukawashwa katikati ya uwanja wa Robi, mchana kweupe, mtoto hajafa. Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilijitwisha mzigo mkubwa kuliko wa wenzangu, ule mgunga mkavu uliokuwa umeuhifadhi nyuma ya jiko. Niliona nakuwakilisha.

Tulikaa pale siku mbili. Siku mbili tunamlilia mtoto ambaye, nilikuja kuambiwa, wakati huo alikuwa kitandani anagombea ndizi ya mgonjwa mwenzake.

Uliposhuka kwenye basi pale barabarani uliona moshi. Uliniambia baadaye kwamba ulianza kulia tangu pale, unatembea unalia, hujui unamlilia nani, unahesabu wazee wa kitongoji mmojammoja. Ukaingia uwanjani kwa Robi na mfuko wako, ukauliza, "Jamani, nani katutoka?" Watu wakatazamana. Shemeji yake akajibu, "Bhoke."

Ulikauka machozi palepale. "Bhoke yupi? Bhoke huyu niliyemwacha leo asubuhi anakula?"

Ukaweka mfuko chini. Ukamwendea Mzee Nyamhanga, ukapiga goti kidogo, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba. Halafu ukaenda kwenye pipa la maji, ukachota ndoo, ukaumwagia moto wote. Yule mzee aliruka na blanketi lake kama kijana! Majivu yalinijaa machoni, nami hata sasa nikifikiria ule mvuke ulivyopanda nacheka na kulia pamoja. Ulisema, "Matanga ya mtu anayekula mimi sijayaona. Mmekuja na kuni, asanteni. Msizibebe kurudi. Robi hayupo na shamba lake halijaguswa na mvua ndiyo hiyo. Kesho kutwa tunamlimia risaga, wote kwa pamoja, na kuni hizi hizi tutapikia. Kila mtu aje na jembe."

Wakaondoka wameinamisha vichwa. Ndipo ulipouona mgunga wako kwenye lile rundo lililolowa, ukanigeukia. "Gati. Hizi umembebea nani?"

Nikaanza kuzikusanya. Na sikukuambia lililo kubwa zaidi, na hilo ndilo ninaloliandika leo. Asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimempigia Marwa. Nilimtafuta kwa simu ya mwenzake wa duarani, nikamwambia, "Shemeji, hapa msiba umeshaanza. Kama mtoto hatapona, nenda ukamchukue apumzike kwao, asije akafia ugenini." Nilisema kwa sauti ya upole. Nilijiona mtu mwema sana. Marwa alitupa nyundo akapanda gari.

Ulizipata habari hizo jioni kwa yule mwenzake. Nilikuwa nakusikiliza nikiwa jikoni, nangoja unipige hata kofi moja. Hukuja. Kulipokucha ulirudi Mwanza kwa basi la kwanza, na miguu yako ile iliyovimba, na ulichoniambia mlangoni ni kimoja tu: "Mwanangu, anayekula hachimbiwi kaburi."

Yaliyotokea huko hukuwahi kusema. Robi ndiye aliyenisimulia, juzi, Mama, juzi tu. Kwamba uliwakuta wote watatu stendi. Marwa amembeba mtoto begani, sindano ya mishipani imetolewa na pamba bado mkononi, tiketi ziko mfukoni. Kwamba hukumfokea. Ulimsalimia, ukauliza habari za safari, halafu ukakaa juu ya begi lao. Ukakaa! Basi likapiga honi, kondakta akaja, Marwa akasema mama tupishe, ukamwambia, "Mwanangu Marwa, daktari amesema ugonjwa huu dawa inauweza, lakini ukiukatisha katikati unarudi na hasira. Mimi nimechoka, napumzika hapa." Basi likaondoka. Ulikaa mpaka Bhoke aliposema ana njaa, na hapo Marwa akaanza kulia mbele ya watu wote wa stendi, mwanamume yule mwenye shingo kama ya dume la ng'ombe. Mkarudi wote hospitali kwa miguu.

Risaga tulichelewesha siku moja tu ukisubiriwa. Na hapo tena ukawavunja watu mbavu. Wazee wakasema risaga hailimi shamba ambalo mwenyewe hayupo kupiga jembe la kwanza, tangu lini? Ukaingia nyumbani kwa Robi, ukatoka umejifunga kitenge chake, ukasema, "Mimi ni mama Bhoke. Kuna mwenye neno?" Ukapiga jembe la kwanza. Wachimbaji wenzake Marwa nao walikuja wanane, wakaacha maduara kwa nusu siku, jambo ambalo kwenye rashi halijawahi kuonekana hata kwa harusi. Walilima vibaya, walichimba kama wanatafuta mwamba, ukawapigia kelele kwamba mahindi hayapandwi mashimoni. Mimi ulinipa adhabu yangu ya jikoni: nizipikie zile kuni nilizobeba. Nilizianika juu ya bati siku tatu, hazikukauka sawasawa. Moshi ulinitoa machozi siku nzima. Ulipita ukasema, "Lia vizuri, leo una sababu," ukanipa kipande cha nyama.

Mahindi yale yamebeba sasa. Robi ameyaona.

Halafu ukaondoka wewe. Asubuhi tu, unachambua dagaa kwenye kizingiti cha jiko, unasema kichwa kinauma upande, na kabla sijaleta maji ulikuwa umeegemea mlango. Presha, walisema. Nilikaa nimekushika mpaka dagaa wote wakaliwa na kuku. Wakaja na kuni, Mama. Moto ukawashwa uwanjani kwetu, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuuzima.

Robi akapiga simu. Alikuwa analia hata maneno hayatoki, anasema anakuja na Bhoke, watalala njiani, lazima akutupie udongo. Nikamuuliza dripu ya tano ni lini. Ilikuwa siku ile ile ya kukuzika.

Nilimkatalia. Niliongea kwa ukali ambao sijui ulitoka wapi. Nilimwambia, "Ukikanyaga hapa kabla ya dripu sikufungulii mlango." Akasema, "Gati, ni mama yangu pia." Nikakata simu. Na Mama, Mungu anajua, katika wote waliokuwa pale uwanjani hakuna niliyemtaka kama yeye. Nilitaka mtu mmoja wa kukulilia kama ninavyokulilia mimi.

Walisema sana. Unawajua. "Mama wa watu kahangaika na mtoto wake, yeye hata kumzika kashindwa." Mzee Nyamhanga mwenyewe aliniuliza kaburini, mbele za watu, huyo jirani yuko wapi. Nilimwambia, "Mzee, yuko anakomtaka marehemu awe." Akanitazama, akakumbuka majivu labda, akashika koleo akaendelea kufukia.

Sasa Alhamisi. Nilikuwa nimekaa hapo kizingitini, mahali pako, sifanyi kitu. Siku hizi nakaa tu hapo. Nikaona kichwa kidogo kinapita kwenye uwazi wa minyaa. Hakina nywele, kama changu walichoninyoa nikikulilia, ila vinyweleo vinaanza. Shavu limerudi, Mama. Yote mawili sawa. Kama hujui lilikuwa lipi huwezi kusema. Juu ya kichwa hicho amejitwisha kuni, vijiti vinne vimefungwa kwa kamba ya katani, na nyuma yake anakuja Robi ameziba mdomo kwa kitenge.

Bhoke akanisalimia vizuri, shikamoo. Halafu akasema, "Nimemletea Bibi kuni za msiba. Niweke wapi?"

Nililia mpaka nikakaa chini, na Robi akakaa chini, tukashikana pale vumbini kama watoto waliopigwa, na mtoto amesimama na mzigo wake anatungoja tumalize. Mwisho akachoka. "Ma Gati, ni nzito."

Nikamtua. Na uwanjani hakukuwa na moto, ulishazimwa tangu tulipoanua matanga, majivu yameshapeperuka. Nikaingia nazo jikoni kwako. Nikapika uji wa wimbi, wenye ndimu ulivyoupenda. Bhoke alikunywa vikombe viwili, akamtazama yule kuku, akauliza kwa nini analala ndani ya kiatu.

Madaktari hawajasema amepona kabisa. Wamesema kila mwezi arudi waangalie. Wa kwanza ni Jumatatu, na Robi mguu umevimba, nimemwambia abaki avune. Nitampeleka mimi. Nitafunga kitenge chako cha kijani, kile kilichochanika pindoni, usinikasirikie. Nakuahidi, Mama: kila mwezi watakaotaja nitakwenda, na akitokea wa kukata tamaa, awe baba yake, awe Robi, niwe mimi mwenyewe, nitalikalia begi. Na kuni zangu sitazibeba tena kwenda kwa mtu anayepumua.

Nakutamani. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kabla karasha halijaanza kunguruma, maana ukimya ule ndio ulikuwa wa kwako na mimi. Lala salama. Bhoke anasema nikusalimie, na kwamba ndizi za Mwanza si tamu kama za huku.

Na nimekula, Mama. Nilibakiza kikombe kimoja cha uji ule, nikanywa wote, hapo mlangoni.

Wako,
Gati