Mume Wangu Analeta Udongo wa Golf Nyumbani

Mama Domitille wa redio, salamu nyingi. Nisomee barua hii lakini jina langu usilitaje, na mume wangu tumwite Zéphirin, si jina lake, maana hapa Kolwezi kuta zina masikio.

Mama, nina miaka kumi na miwili katika ndoa, mume wangu ni karani wa magazini ya kuhifadhia vifaa, mtu wa kazi na wa kanisa, sijawahi kumfumania na lolote, lakini tangu mwezi uliopita amejiandikisha kuwa bénévole kwenye yale mashindano ya golf ya wachezaji wa kulipwa yanayoanza hapa kwetu Alhamisi ijayo, yaani anawasaidia bure, bila hata faranga, anaamka alfajiri kabla ya kazi yake, anavaa glavu nyeupe, anaondoka, na nikimuuliza kule anafanya nini ananijibu, “Mama Abigaëlle, nilisaina papier, shiwezi kusema.” Karatasi gani hiyo inayomzuia mtu kuzungumza na mke wake? Nikamweleza mama Mushiya wa kikundi chetu cha maombi, akaniangalia kwa huruma, akasema, “Mutu gani wa Kolwezi anatumikaka bure? Ile ni loji, chama cha siri. Balisha kumuingiza.”

Tangu siku hiyo kila kitu nakiona vingine, mtoto akilia baba yake anainua mikono yote miwili juu bila neno, kwenye simu ananong'ona, nilimsikia akisema “namba saba, kushoto, hatua kumi na moja” nikaandika nyuma ya kitabu changu cha nyimbo, na kibaya kuliko vyote analeta nyumbani vipande vya udongo vya mviringo vyenye nyasi juu, kama kopo la maziwa ya unga, anavifukia nyuma ya nyumba, anavikanyaga polepole, kisha anapiga magoti kuvitazama. Anapiga magoti, mama! Mbele ya udongo!

Basi alipokuwa kazini nikachimbua kimoja, nikakifunga ndani ya kitenge, nikakipeleka kwa Gracien, négociant mwenye depo ya kununulia madini upande wa Mashamba, akipime kwa mashine yake. Akapima mara mbili, akasema, “Mama, hii udongo iko na kitu. Unaitosha fasi gani?” Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia ni golf, namba saba, kushoto, hatua kumi na moja.

Juzi Zéphirin alirudi hakula. Alisema wamekuta watu wawili wameruka ukuta na mifuko na majembe, wanahesabu hatua kwenye uwanja wa saba, na chef, mkubwa wao, akawakusanya bénévoles wote kuuliza nani ametoa siri. Mume wangu aliapa mbele yao, “Haiko miye. Na muke yangu hajue hata kitu.” Wakamfukuza Kabemba, rafiki yake, kwa kuwa zamani alikuwa mchimbaji. Mama, bado namshuku mume wangu, maana kama si loji na si madini, udongo ni wa nini? Na habari za Gracien nimwambie, au niache tu mashindano yapite?

Mke asiyelala, Kolwezi

*

Dada yangu, umebadilisha jina la mume ukaacha la mtoto. Bahati yako nimeligundua kabla ya kusoma hewani, nikaweka lingine.

Tuanze na hiyo loji. Nilimpigia simu mzee aliyekata nyasi kule kwa miaka mingi, akacheka hadi akakohoa. Shimo la golf, mama, huhamishwa kila alfajiri ya mashindano, na mchezaji hapaswi kujua mapema litakuwa wapi. Ndiyo karatasi aliyosaini mume wako, na ile namba saba, kushoto, ni mahali pa shimo. Mikono juu ni ya kuwanyamazisha watazamaji mtu anapotaka kupiga. Vipande vya udongo vinatoka kwenye uwanja wa mazoezi. Anajifunza kuvirudisha ardhini bila kovu kuonekana, na kovu la nyasi huwezi kuliona ukiwa umesimama. Na usinishangae kwamba anafanya kazi bure. Kwenye kikundi chako cha maombi nani anakulipa?

Kuhusu mashine ya Gracien, huu ni mji wetu na unaujua. Pima udongo ulio chini ya mbabula, jiko lako la makaa, nao utakuwa na kitu.

Sasa nina shaka yangu, na si juu ya Zéphirin. Mtu anayeogopa loji hupeleka ule udongo kwa mchungaji. Wewe uliupeleka kwa négociant. Sikuhukumu kwa kutamani, hapa nani hajawahi kuutazama ua wake akawaza mambo? Lakini ulitamani, dada, na kikundi cha maombi ukakifanya pazia. Inaniudhi zaidi kwamba katika barua ndefu hivi Kabemba umemtaja mara moja ukapita zako. Mtu huyo amevuliwa beji mbele ya wenzake kwa maneno yaliyotoka kinywani mwako, na wewe unaniuliza kama uache mashindano yapite!

Hayapiti. Leo mume wako akirudi, hata kabla ya chakula, mwambie. Anza na mashine; mambo ya loji mtayacheka siku nyingine, akikubali kucheka. Atakasirika, na usilie ili akubembeleze. Kesho asubuhi mwende wote wawili kwa chef, na useme wewe, kwa mdomo wako, ili shimo lile wapange kuliweka pengine na walinzi wajue pa kusimama. Inawezekana mume wako naye akaondolewa. Ndiyo gharama yake, siwezi kukufichia. Mwambie Gracien kwamba umeshasema kila kitu na jina lake limetajwa. Halafu, siku hiyohiyo, nenda nyumbani kwa Kabemba kwa miguu yako. Usitume mtu, na usimpigie simu.

Ukiona aibu njiani, kumbuka kile kiapo. Zéphirin aliapa kwa ajili yako mbele ya watu bila kukuuliza kwanza, kwa sababu hakuona haja ya kukuuliza.