Chai Niliyompa Asubuhi ya Upasuaji

Mshauri, salamu nyingi, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujaniona mtu mbaya, maana barua hii naianza wiki ya tatu sasa, na kila nikifika pale pa kusema nilichofanya nainuka kwenda kufua nguo ambazo hata uchafu hazina.

Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro, mwaka wa ishirini na mbili huu, na kazi yangu hasa ni chai ya asubuhi. Dirisha nalifungua saa kumi na mbili na nusu na kulifunga saa mbili kamili, na atakayekuja saa mbili na dakika moja ataniona kisogo, ndiyo maana wafanyakazi wakanibatiza Saa Mbili na wengine hawajui kama nina jina jingine. Chai ya asubuhi naiamini kuliko dawa. Baba yangu alikuwa mbeba mizigo, alitoka nyumbani tumbo tupu ili sisi watoto tupate, na siku moja akaanguka na gunia mgongoni asiinuke tena, na mama akatuambia kwamba njaa ya asubuhi ndiyo iliyomuua. Nilikuwa na miaka tisa, sikuuliza daktari, nikalishika neno hilo mpaka leo, na katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti bila kula, awe na homa au awe amechelewa. Mume wangu alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, na kusema kweli asubuhi hakuwa na hamu ya chakula hata kidogo, lakini alikaa mezani akala vipande vyake viwili vya mkate kwa sababu nilikuwa nimesimama namtazama. Wageni aliwaambia mlango wa nyumba hii haufunguki mpaka utafune. Miaka ishirini na sita alikula hivyo.

Mwaka huu wakamkuta na uvimbe kwenye utumbo. Daktari alitukalisha akatueleza kwamba umewahiwa, haujasambaa, ukitolewa atarudi kwenye mabomba yake, nasi tukatoka pale tunacheka kama watoto. Akalazwa, akapangiwa siku, akaambiwa tangu saa sita usiku asile wala kunywa, akashinda hivyo mpaka saa tisa alasiri midomo imempasuka, ndipo wakaja kusema leo haiwezekani, wameletwa majeruhi wa ajali, mpeni ale. Baada ya siku mbili wakampangia tena, akashinda tena na njaa, na tena wakaja alasiri kusema haiwezekani, mashine imeleta shida. Alikuwa amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Nilipoambiwa mara ya tatu kwamba kesho ndiyo hakika, nilisema moyoni hawa watu watamuua mume wangu kwa njaa kama baba yangu.

Asubuhi hiyo nilifika wodini saa kumi na mbili, saa ambayo ndugu tunaruhusiwa kuingia kuwaosha wagonjwa wetu, nikiwa na chupa ya chai ya maziwa na mkate kwenye mkoba chini ya taulo. Kitandani palining'inizwa kibao cha kadi kimeandikwa ASILE, ASINYWE. Nilikifunika kwa mtandio wangu, Mshauri, sikukifunika kwa bahati mbaya, nilikifunika kwa mkono wangu, nikavuta pazia, nikammiminia.

"Wamesema nisile," akasema.

"Walisema hivyo juzi, na siku ile nyingine pia. Kula kidogo upate nguvu."

Akanyoosha mkono akachukua kikombe, akala na vipande viwili vya mkate vyote, nami nikaona raha, hilo ndilo linaloniua zaidi, kwamba niliona raha. Nilikuwa nimeshaficha chupa alipokuja muuguzi wa zamu, yule mfupi mwenye miwani, ambaye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Akauliza kama mzee amekula au amekunywa chochote tangu usiku. Mume wangu alifungua mdomo, lakini mimi niliwahi.

"Hata maji," nikasema.

Mume wangu akanitazama, akafunga mdomo, akatikisa kichwa kwamba hajala. Muuguzi akaandika. Saa nne wakaja kumchukua, na safari hii haikuahirishwa.

Daktari alituambia baadaye kwamba alipolazwa kwa dawa ya usingizi chakula kilipanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu. Alikaa siku tisa kwenye mashine ya kupumulia, na siku ya kumi alfajiri akakata roho, hatukusemezana tena. Yule muuguzi alikuja msibani, akakaa nyuma kabisa, akanishika mkono akaniambia pole mama, na mimi nikamwitikia.

Sasa wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, ameshikilia kwamba hospitali ndiyo iliyomlisha, kwamba toroli la chai lilipita wodini na muuguzi hakujali wala hakuuliza. Ameandika malalamiko. Muuguzi amejitetea kwamba aliuliza na mke ndiye aliyemjibu. Wifi akanigeukia mbele ya ukoo mzima, akaniuliza, wifi, huyo mwanamke alikuuliza? Nikasema sikumbuki. Neno hilo moja, na yule muuguzi amesimamishwa kazi, na kamati ya hospitali itakaa tarehe ishirini na tano, nami nimeitwa kutoa maelezo, na wifi ananipigia kila siku kunikumbusha nivae vizuri.

Nimerudi kazini. Nawagawia watu chai, na mimi mwenyewe tangu siku hiyo asubuhi hakipiti kitu kooni, na binti yangu analia akinisihi nile kama nilivyokuwa nikimsihi yeye. Nikisema kweli, wifi hatanisamehe, na binti yangu atajua ni mama yake aliyempa baba ile chai. Nikinyamaza, najua kinachofuata. Naomba uniambie, na hili nakuomba kwanza kabla ya hayo mengine: ni kweli kwamba chai ya asubuhi ndiyo uhai wa mtu? Maana kama si kweli, basi nimemuua mume wangu kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Ni mimi,
Saa Mbili

*

Mama, barua yako nimeitanguliza mbele ya zote kwa sababu ya hiyo tarehe ishirini na tano. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikuweza kukaa. Pole. Pole sana kwa mume wako, na pole kwa yule mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa njaa ya asubuhi ndiyo iliyomuua baba yake.

Umeniuliza la chai kwanza, nami nalijibu kwanza, ingawa nakuona unavyokimbilia hapo ili usifike kule. Nilimpigia daktari ninayemwamini nikamsomea sehemu hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, aliniambia, hakuna saa takatifu ya kula. Yupo anayeamka na njaa, na yupo ambaye tumbo lake halifunguki mpaka jua liwe juu, mimi nikiwemo, na sote tunaishi. Kinachohesabika zaidi ni kama kwa siku nzima amekula cha kutosha na cha maana. Mtoto anayekwenda shule mpe, anayebeba mizigo mpe, na mgonjwa wa kisukari aliye kwenye dawa afuate saa alizopangiwa na daktari wake, asibahatishe. Kwa hiyo kazi yako ya kantini si uongo, wale watu wa magodoro wanaifurahia na inawafaa. Ila si uhai wa mtu. Mume wako angeweza kukosa ile asubuhi, na asubuhi nyingine kadhaa, na akawa mzima. Baba yako naye huenda aliuawa na moyo mgonjwa ambao hakuna aliyewahi kuupima. Mama yenu alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, akatafuta sababu wanayoweza kuielewa.

Lakini asubuhi ya upasuaji haikuwa habari ya chai, mama. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi, koo linaacha kulinda mapafu, basi. Tumbo linatakiwa tupu kwa sababu hiyo. Kama hakuna aliyewahi kukueleza hivyo, na mkapewa kibao cha kadi tu, na mgonjwa akashindishwa njaa mara mbili bila mtu kumwomba hata radhi, basi hospitali nayo ina la kujibu, na utalisema hilo mbele ya kamati kwa sauti kavu. Sikuambii hivyo ili upate pa kujificha.

Umeniuliza kama umemuua. Sitakuita muuaji, na sitakuambia pia kwamba hukuhusika, maana usingeniamini na ungekuwa na haki. Ulimpa chai kwa mapenzi na kwa ujinga, na ujinga huo ulipandikizwa kwako ukiwa mtoto. Hilo utalilia, na lina watu wa kulilia pamoja nawe. Lakini "hata maji" hukusema kwa ujinga. Hapo uliogopa kugombezwa na muuguzi, wewe mwanamke mzima mwenye miaka ishirini na mbili kazini, ukaona afadhali kudanganya kuliko kuonekana mkaidi. Na "sikumbuki" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu siku hiyo ulikuwa unajua kila kitu. Mume wako hukumpeleka kaburini kwa kukusudia. Huyu muuguzi unampeleka kufukuzwa kazi macho wazi, kila siku unayonyamaza, na alikushika mkono msibani kwako.

Unasema ukinyamaza unajua kinachofuata. Unajua? Atafukuzwa, na atajua kwamba aliuliza, na atajua kwamba ulijibu. Wewe utaendelea kuwamiminia watu chai dirishani, na kila mwenye miwani atakayekuja utamwona ni yeye. Binti yako ataendelea kulia akidhani mama yake anakufa kwa huzuni, kumbe mama yake anakufa kwa siri. Usimfanyie hivyo. Umeshampa mtoto hadithi moja ya njaa, inatosha.

Sasa sikiliza, na usinibishie. Leo hii ukitoka kazini mkalishe binti yako mwambie yote, kibao na mtandio na kikombe, usipunguze. Atalia, anaweza hata kukukasirikia, mwache akasirike. Kesho yake nendeni wote wawili kwa wifi yako, asije akayasikia haya ndani ya ofisi mbele ya wageni. Yeye amempoteza mtoto aliyemlea, na hasira ya kumtafuta mtu wa kumlaumu ndiyo imekuwa ikimsimamisha, kwa hiyo ukimwondolea atakuangukia wewe. Atakutukana. Huenda akakuambia usikanyage kwake tena. Usimjibu, usiombe msamaha mara kumi kama mwombaji, mara moja inatosha, kisha ondoka. Pengine atarudi baada ya mwaka, pengine asirudi, na hilo halimo mikononi mwako.

Kisha usingoje tarehe ishirini na tano. Nenda hospitalini kabla yake na karatasi uliyoiandika kwa mkono wako, uwape kamati, na uombe nakala apewe muuguzi, ili alale hata siku chache akijua anarudi kazini. Usiende kwake nyumbani kumlilia, maana hana deni la kukufariji. Kuhusu chakula, mwambie daktari wa zahanati kwamba asubuhi huli na unalia, usimwambie nusu yake. Na ule saa yoyote tumbo litakapokubali, hata kama ni saa sita, hakuna atakayekufungia dirisha.

Najua mdomo utakuwa mzito siku hiyo, kwa hiyo maneno nakuandikia mimi, uyakariri: "Nilimpa mume wangu chai na mkate saa kumi na mbili asubuhi. Muuguzi aliuliza, nami nikamdanganya." Ukishayasema, nyamaza. Utasikia hamu ya kuongeza kwamba ulimpenda, uwaeleze hao watu wa kamati ulivyompenda. Usiwaeleze. Si wao waliokuwa wanahitaji kulijua hilo, na yeye alilijua, mama. Hakuwa na hamu ya chakula asubuhi ile, wala asubuhi yoyote ya miaka ishirini na sita, na bado alikula.