Karatasi Yenu Inasema Mulima Ile Iko Tupu

Kolwezi, tarehe 9 ya mwezi wa sita 2024

Mupendwa yaya Mbuyu,

Jambo sana kutoka kwetu wote. Afya namna gani? Ile mugongo yenye ilikuwa inakusumbua, ilipona? Na mama Noëlla, bibi yako, alisha kuzoea joto ya Kinshasa? Huku tuko bazima. Tata mudogo Kisimba angali anakohoa ju ya vumbi yenye makamio inarusha ku barabara, lakini anakula muzuri.

Mvua ilisha kukatika, na mihogo ya Mutshatsha imejaa ku soko.

Sasa nikuambie habari yenye inanizuia hata kumeza bukari. Unajua ile mulima ku njia ya Nzilo, kwenye tulizika mama. Mwezi ya tatu basoda balikuja kujenga kamp pale. Balizungusha senyenge, na makaburi yote ikabaki ndani.

Mi na mudogo yetu Mado tulienda kufagia. Soda wa ku mulango alitupa dakika kumi. Yaya, balichimba choo hatua tatu na kichwa ya mama! Ku musalaba yake banaanika makaleso, nguo yabo ya ndani. Inzi, harufu, bituko gani ile.

Nalienda kuona komanda, niombe ruhusa ya kuhamisha mifupa. Ni mutu ya heshima, alinipa kiti. Ku kibambazi ya biro yake kuko karte kubwa ya inchi na makamp yote: Kitona, Banana kwa basoda ba bahari, Kamina, Kalemie ku ziwa. Na huku kwetu, alama nyekundu ingali mupya. Nalimuuliza nani alichagua pale. Akatosha karatasi, nikasoma mwenyewe: bulongo nguvu, mayi karibu, hakuna batu, hakuna makaburi. Chini, sinyatire yako, weye mwenye balituma kupima mahali ya makamp. Ile M yako ya kukunja mukia, mi nalikuwa naiiga tukingali batoto.

Komanda akaniambia pole pole: "Mama, kama mutoto yake mwenyewe aliandika hakuna kitu, mi nitakuruhusu kutosha nini?"

Nikarudia nyumbani kwa miguu.

Yaya, unanichukiza. Nasema wazi, ju kuficha sijui. Jeneza ya mama ulibeba ku bega yako. Usiniambie ulisahau. Bakubwa yako ba jeshi balitaka mahali ya kamp mbio mbio, na weye ulitaka galon ya kupanda cheo.

Mwezi ya nane banamwanga beton pale juu ya makaburi, banasema ni ya depo ya kuweka vitu yabo. Mbele ya ile siku, andika ku biro yenu maneno moja tu: mama yangu iko pale. Hata kama banakuvua galon, andika.

Tata mudogo Kisimba anakusalimia. Batoto yangu Mignonne na Kalenga pia. Mado alikataa nitie jina yake ku salamu hizi.

Mungu akulinde, na akupe haya.

Mudogo yako, mwenye angali anakupenda kwa nguvu,
Domitille